Manyoya ya Mshale: Usukani Uko Nyuma



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wamenitaka niandike juu ya kuwinda kwa upinde huku Michigan, kwa sababu vijana wetu kadhaa wamenunua pinde mwaka huu, na kwa sababu katika karamu yetu ya mwisho nyama ya kulungu iliisha kabla ya nyama ya mbuzi. Nimekubali, ila kwa sharti moja. Sitaandika habari za pembe kubwa wala picha za majigambo. Nitaandika juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami mara mbili, nacho ni yale manyoya yaliyobandikwa nyuma ya mshale. Nina sababu yangu, na sababu yenyewe si ya kujisifu.

KULUNGU NILIYEMPOTEZA

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na upinde mpya wa roda, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Mishale yangu ilikuwa ya kaboni, myembamba, na nyuma yake ilikuwa na vibawa vitatu vya plastiki, vifupi na vya chini, vilivyonyooka kama rula. Kiangazi chote nilipiga shabaha nyuma ya nyumba kwa vyembe vya mazoezi, vile vya mviringo vilivyochongoka kama risasi. Kwa yadi 30 mishale mitatu ilikaa ndani ya sahani ya chai.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya msimu nikavifungua vyembe vile, nikafunga vyembe vipana vya nyembe tatu. Uzito ulikuwa ule ule, greni 100. Nikalala nikijiona fundi.

Kesho yake jioni kulungu jike alisimama ubavu, yadi zisizofika 30. Nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikaachia. Niliuona mshale ukienda, na haukwenda kama mshale. Ulikwenda kama samaki apigaye mkia majini. Ulimpata nyuma mno, tumboni. Kwa pupa nikamfuata papo hapo, na hilo likawa kosa la pili, maana mnyama aliyepigwa tumbo huachwa alale kwa saa nyingi kabla ya kufuatwa. Ukimkimbiza, huenda mbali. Nilitafuta kwa taa hadi usiku wa manane, na asubuhi nikarudi tena. Sikumpata.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyeanza kuwinda kabla sijazaliwa, alikuja kunisaidia kutafuta. Tuliporudi mikono mitupu aliuchukua mshale mmoja, akausimamisha kwa ncha ya chembe juu ya meza, akauzungusha kama pia. Akautazama ukiyumba. Kisha akanionyesha vile vibawa, akaniambia, "Hivi vinatosha kuongoza sindano. Wewe umefunga panga."

Maneno hayo ndiyo makala yangu yote. Yanayofuata ni maelezo tu.

KWETU SUMU, HUKU WEMBE

Wazee wa kwetu waliijua kazi hii. Waata wa upande wa Tsavo walisifika kwa pinde zao ngumu na kwa sumu ya mti wa msunguti, na hata tembo walianguka kwa mishale yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sasa habari zile ni za masimulizi. Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi, huko Tanzania, wangali wakiwinda, na mishale yao hubandikwa manyoya ya ndege kama kanga na tai mzoga. Huku Marekani nako, upinde uliamshwa upya na mtu aliyeurithi kwa wazee wake. Ishi, wa mwisho katika watu wake wa Yahi, alitokea Oroville, California, mwaka 1911, akamfundisha daktari Saxton Pope kutengeneza upinde na mishale kabla ya kufariki mwaka 1916. Huyo Pope, pamoja na rafiki yake Arthur Young, walifika mpaka Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale.

Lakini kuna tofauti moja ambayo kijana wetu hana budi kuielewa. Mshale wa sumu unatosha kumwingia mnyama. Sumu ndiyo inayomaliza kazi. Kwa hiyo chembe chake chaweza kuwa chembamba. Sisi huku hatutumii sumu. Tunategemea makali peke yake, nayo lazima yafike kwenye mapafu au moyo, nyuma ya bega, mahali pasipozidi sahani ya kulia. Ndiyo maana chembe chetu ni kipana. Sheria ya Michigan yenyewe yataka chembe cha kuwindia kulungu kisipungue upana wa inchi 7/8, na mshale usipungue urefu wa inchi 14. Upana huo unatupa kidonda cha kuua upesi, na upana huo huo ndio unaotuletea taabu hewani.

CHEMBE KIPANA NI TANGA LA MBELE

Watu wa pwani hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hili. Chukua jahazi lenye usukani mdogo, kisha litwekee tanga kubwa huku omo. Upepo ukilipata tanga hilo kwa upande, nahodha atavuta usukani mpaka achoke, na jahazi litakwenda linakotaka lenyewe. Mshale ni vivyo hivyo. Chembe cha mazoezi hakina kitu cha kushika hewa, na mshale ukitoka umepinda kidogo hujinyoosha bila shida. Chembe kipana kina nyembe mbili, tatu au nne, na kila wembe ni tanga dogo. Mshale ukitoka umeinama hata kidogo, nyembe zile hushika hewa na kuuvuta mshale upande huo, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo zinavyovuta zaidi. Pinde za roda za siku hizi hupeleka mshale futi 250 hadi 300 kwa sekunde, kwa hiyo kosa ambalo upinde wa mti wa zamani ungelisamehe, hizi hazisamehi.

Manyoya ndiyo usukani. Kazi yake ni mbili. Kwanza hukamata hewa na kuuburuta mkia, kama mkia wa tiara unavyolituliza tiara lisipinduke. Pili, yakiwa yamebandikwa kwa kuinamishwa, huuzungusha mshale, na kitu kinachozunguka hutulia kama pia. Basi shauri ni moja: nguvu ya usukani nyuma lazima izidi nguvu ya tanga mbele. Ukiongeza upana wa chembe, ongeza usukani.

NYOYA LA NDEGE AU PLASTIKI?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Manyoya yanayouzwa huku ni ya bawa la bata mzinga. Ni mepesi kuliko plastiki ya urefu ule ule, na hushika hewa zaidi kwa sababu ya ukwaru wake, kwa hiyo huunyoosha mshale upesi tangu unapotoka upindeni. Tena hulala likiguswa, kisha husimama. Kwa anayetumia upinde wa mti, ambao mshale hulala juu ya rafu ya upinde wenyewe na nyoya hupita likisugua, jibu ni nyoya la ndege. Plastiki ikigonga pale huurusha mshale pembeni.

Kasoro yake ni maji. Nyoya likilowa hulala kama kuku aliyenyeshewa, na usukani umekwisha. Ipo poda ya kuzuia maji nayo husaidia, lakini siku ya mvua nzito haitoshi. Tena manyoya makubwa hutoa sauti ya kufoka hewani, na huchakaa upesi kuliko plastiki.

Vibawa vya plastiki havijali mvua wala theluji, na vyote hutoka kiwandani sawasawa. Kwa mwenye upinde wa roda wenye kiegemeo kinachoanguka chini mshale unapopita, hakuna kinachogusa mkia, na plastiki inafaa sana. Ila chagua vigumu na vyenye kimo. Kibawa kifupi cha inchi 2, ikiwa kimesimama juu na ni kigumu, hufanya kazi kubwa kuliko kirefu kilicho laini kinachopepea. Changu cha mwaka ule kilikuwa kifupi na cha chini pia, yaani kasoro mbili kwa pamoja.

Tahadhari moja ya sheria: mtoto akiokota nyoya la tai au mwewe msituni, asilibandike mshaleni wala asilipeleke nyumbani. Sheria za Marekani zinakataza kuyaweka bila kibali. Nunua ya bata mzinga.

UREFU, IDADI NA MSOKOTO

Kwa upinde wa mti na chembe kipana, wengi hutumia manyoya matatu ya inchi 5, na hiyo ndiyo shauri yangu kwa anayeanza. Kwa upinde wa roda, manyoya au vibawa vitatu vya inchi 3 hadi 4, au vile vifupi vyenye kimo, vinatosha kwa vyembe vingi. Chembe kikiwa kipana mno, bandika vinne badala ya vitatu. Vinne vya chini hutoa usukani bila kuhitaji kimo kikubwa kinachoweza kugonga upinde.

Usivuke mpaka, lakini. Manyoya makubwa kupita kiasi hupunguza kasi na hushikwa na upepo wa pembeni. Kwa masafa ya kuwindia, chini ya yadi 40, hasara hiyo ni ndogo. Kwa wapiga shabaha wa mbali ni kubwa, na ndiyo maana mishale yao ina vibawa vidogo. Kijana asiige mishale ya mashindano akaingia nayo msituni.

Jinsi ya kubandika kuna namna tatu: kunyoosha sambamba na wano, yaani uti wa mshale, kuinamisha kidogo, kama digrii 1 hadi 3, au kupinda kwa msokoto kama uzi wa parafujo. Kwa chembe kipana, kunyoosha acha. Inamisha, na ikiwa kifaa chako cha kubandikia kinaweza, sokota. Kuzunguka kulia au kushoto ni mamoja, ila usichanganye. Nyoya la bawa la kulia hubandikwa kwa msokoto wa kulia, na la kushoto kwa wa kushoto. Ukichanganya ya mabawa mawili katika mshale mmoja, umeajiri manahodha wawili wanaogombana. Pakiti huwa zimeandikwa, zisome.

Kubandika kwenyewe ni kazi ya jioni moja, na watoto huifurahia. Safisha wano kwa spiriti, usiliguse tena kwa vidole, tia gundi nyembamba, acha nafasi ya kama inchi moja kutoka mwisho wa mshale ili vidole au kifyatulio kisiguse, kisha subiri gundi ishike kabla ya kugeuza kwa nyoya la pili. Aliye na haraka afanye kazi nyingine.

MAMBO AMBAYO MANYOYA HAYAWEZI KUYAPONYA

Usukani mzuri hauokoi jahazi lililotoboka. Kuna mambo matatu ya kuhakikisha kwanza.

La kwanza ni ugumu wa wano. Kila upinde unataka mshale wenye ugumu wake, kwa kadiri ya nguvu ya upinde, urefu wa mshale na uzito wa chembe. Wenye kutengeneza mishale huchapisha majedwali. Tazama jedwali kabla ya kutoa fedha. Mshale laini mno au mgumu mno hutoka umepinda, na manyoya hubaki kufanya kazi ya kusahihisha badala ya kuongoza.

La pili ni kunyooka kwa chembe. Fanya kama jirani yangu alivyofanya: zungusha mshale kwa ncha yake. Ukiona chembe kinacheza, kifungue, safisha, funga tena, au hamisha kwenye wano jingine. Mshale unaocheza juu ya meza utacheza hewani.

La tatu ni uzito wa mbele. Mshale unapaswa kuwa mzito kichwani kuliko mkiani. Tafuta mahali unapolingana juu ya kidole. Kwa mfano, mshale wa inchi 28 ukilingana inchi 17.5 kutoka nyuma, umepita nusu yake, ambayo ni inchi 14, kwa inchi 3.5. Gawanya 3.5 kwa 28, utapata asilimia 12.5. Kati ya asilimia 10 na 15 ni pazuri kwa mwindaji. Ukibandika vibawa vizito nyuma, hesabu hii hushuka, na hapo ndipo wepesi wa nyoya la ndege unapokuwa na faida.

Wako watakaoniambia, mbona kuna vyembe vya kukunja, ambavyo hufunguka vikimpiga mnyama? Ni kweli, hivyo huruka karibu sawa na vya mazoezi. Lakini hula nguvu ya mshale katika kufunguka, na kwa vijana na akina mama wenye pinde za nguvu ndogo nguvu hiyo ni afadhali ibaki katika kupenya. Kwao chembe kisichokunjwa, chenye makali, na mkia wenye usukani, ndiyo njia ya salama.

JARIBIO LA MWISHO

Usiingie msituni kabla ya jaribio hili. Kwa shabaha ya sponji, piga mishale mitatu ya mazoezi na mitatu yenye vyembe vipana, kwanza yadi 20, kisha 30. Vipana usivipige mahali pamoja, vitakatana manyoya. Tazama viko wapi kwa kulinganisha na vya mazoezi. Ikiwa vipana vimekwenda kushoto, sogeza kiegemeo cha mshale kulia kwa upana wa nywele; vikienda kulia, kisogeze kushoto. Vikipanda juu, kishushe, vikishuka, kipandishe. Rudia mpaka makundi mawili yawe moja. Ikiwa vipana havikai kundi moja hata kwa wenyewe, bali hutawanyika huku na huku, kiegemeo hakina kosa. Rudi kwenye meza: zungusha chembe, tazama ugumu wa wano, kisha ongeza usukani.

Baada ya majaribio nyembe zimekuwa butu. Badilisha au noa. Na kila unapofunga chembe, tumia spana yake, si vidole. Nyembe hizi hazijui mwenyewe.

KWA NINI NIMEYASEMA HAYA

Katika karamu ile shangazi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyama hii ni halali? Hakuchinjwa." Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya makala hii. Adi bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kuwinda kwa mi'radh, ambayo baadhi ya wanavyuoni wameieleza kuwa ni mshale usio na manyoya. Maana ya jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba kilichopigwa kwa makali yake huliwa, na kilichopigwa kwa ubavu wake hakiliwi, kwa kuwa hicho kimekufa kwa kipigo. Mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapoachia, na akimkuta mnyama angali hai humchinja. Mengine ya fiqhi waulizeni masheikh wenu. Mimi nasema tu kwamba mshale unaokwenda ubavu ubavu kwa sababu mwenyewe hakujali manyoya yake, si jambo la shabaha peke yake. Na kwa jamaa zetu wasio Waislamu, huruma kwa mnyama ni ile ile.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitano. Mwaka huu alinijia na upinde wake mpya na mishale ya dukani, yenye vibawa vile vile nilivyokuwa navyo mimi. Akaniomba twende wote siku ya kwanza ya Oktoba. Nikamwambia, "Lete mishale kwanza." Tuliipiga pamoja kwa vyembe vipana, na ikatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Alikasirika, nikamwelewa. Tulivikwangua vile vibawa, tukabandika manyoya ya inchi 4 kwa msokoto wa kulia. Wiki mbili kila jioni tukapiga. Siku ya kwanza ya Oktoba ikatupita tukiwa nyuma ya nyumba, maana makundi yalikuwa hayajawa moja. Siku ya tisa yakawa moja.

Siku ya kumi na mbili alipiga kulungu mmoja kwa yadi 18. Alikwenda hatua zisizofika 60, akaanguka tukimwona. Hatukuwasha taa wala hatukutafuta. Mguu wa nyuma ulipelekwa kwa yule mzee jirani, na uliobaki ndio mlioula.

Vijana wetu, mnunue pinde mtakazo. Lakini kabla hamjaniambia upinde wako unapeleka futi ngapi kwa sekunde, nigeuzieni mshale nione mkia wake.